Solo ya Mtu Mwingine

Ukimsalimu mwalimu wetu wa kwaya asubuhi, hakukujibu "nzuri" kama watu wengine. Alikujibu, "Nimechoka, lakini si sana." Ukimsalimu jioni, jibu lilelile. Ukimkuta Jumapili amevaa shati lake jeupe, kwaya imepangwa, mgeni kutoka Uvira ameketi mbele, bado alikuwa amechoka, lakini si sana. Mwanzoni nilidhani anatania. Baadaye nilidhani ana ugonjwa anaouficha. Nilipokuwa mtu mzima, nimeshakimbia vita na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, niliacha kudhani. Nami nikaanza kujibu hivyohivyo, watu wakanicheka.

Jina lake sitalitaja, na yeye asingejali. Majina hayakumkaa kichwani. Pale Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, alituita kwa sauti zetu: wewe soprano wa dirishani, wewe tenor mwenye haraka, wewe besi usiyefunga mdomo. Mimi nilikuwa Alto. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza akanipandisha cheo, nikawa Mama Alto, na mume wangu, ambaye hakuimba kabisa, akawa Bwana ya Mama Alto. Mchungaji wetu hakuweza kushika sauti yoyote hata kwa kamba. Huyo Mwalimu alimwita "Ndugu Musikilizaji," na mchungaji alidhani ni heshima.

Nikisema alikuwa na tamaa moja tu maishani, sitakuwa nimetia chumvi. Hakutamani nyumba ya matofali wala pikipiki. Alitaka kupiga solo. Yaani asimame mbele za watu, wenzake wamshikie wimbo kwa chini, naye apige juu yake muziki wake mwenyewe, ambao hakuuandaa na hakuuiga kwa mtu, mpaka aumalize. Mara moja ingemtosha. Alilisema jambo hili waziwazi, na kila alipolisema alitazama mikono yake. Baba yake alizeeka na vidole vilivyojikunja kama tangawizi, hawezi kushika hata kijiko. Mwalimu alijua kwamba zamu yake ipo njiani.

Tamaa hiyo aliipata kwenye kaseti. Vita vya kwanza vilipokaribia, daktari mmoja mzungu aliondoka mjini kwa haraka, akaacha mlango wazi. Watu wakaenda "kumlindia" vitu vyake, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Wengine walilinda magodoro, wengine walilinda masufuria, na kuna familia iliyolinda kabati zima. Mwalimu alirudi nyumbani na redio ndogo ya kaseti na kaseti iliyokuwa ndani yake.

"Na matela iko wapi?" mke wake alimuuliza, akitaka godoro lake, kwa maana kwao walilalia mkeka.

"Matela ilikuwa imeisha," akasema. Mama yule hakuamini, na alikuwa na haki.

Kaseti haikuwa na karatasi wala maandishi. Upande mmoja ulikuwa umeharibika. Upande wa pili ulikuwa na wimbo mmoja mrefu: piano, besi, ngoma zilizopigwa kwa kunong'ona, na juu yake chombo ambacho hakuna mtu kwetu aliyewahi kukisikia. Padri mmoja wa Fizi, mpenda muziki, ndiye aliyetufumbulia. Alisema hicho ni vibrafoni, vyuma vilivyopangwa kama vibao vya marimba, na chini yake mabomba yenye vifuniko vinavyozungushwa na mota ndogo, ndiyo maana sauti inatetemeka. Alisema muziki wenyewe ni jazi. Hapo tulishangaa, maana kwetu jazi ilikuwa bendi yoyote ya kuchezesha watu dansi, na muziki huu usingemchezesha hata mlevi.

"Na ule anayepiga chuma," Mwalimu akauliza, "anasoma wapi?"

"Hasome popote. Anatunga palepale."

"Palepale?"

"Palepale."

"Na akikosa?"

"Anaendelea," padri akasema.

Mwalimu alitembea na neno hilo siku nyingi. Huyu alikuwa mtu ambaye soprano akiongeza hata pambo dogo mwisho wa mstari, alisimamisha kwaya nzima na kumuuliza kama yeye ndiye aliyeandika wimbo. Ndivyo alivyokuwa: sisi alitukataza hata kupepesa sauti, na yeye moyoni anamwonea wivu mtu asiyejulikana, wa nchi isiyojulikana, anayetunga palepale na akikosa anaendelea. Nilipomwambia kwamba hayo mambo mawili hayakai pamoja, alinijibu kwamba yeye amekaa nayo na bado anapata usingizi. Usingizi aliupata kweli, hasa wakati wa mahubiri.

Chuma hatukuwa nacho, wala mota. Mwalimu alitengeneza marimba ya mbao ngumu, na vibuyu kwa chini. Kibao ukikikwangua katikati kwa chini sauti inashuka, ukikikwangua nchani inapanda, basi alikwangua wiki kwa wiki, magoti yamejaa vumbi la mbao, huku kaseti ikizunguka pembeni impatie sauti. Kile chuma chake kidogo cha kupatia sauti, diapazoni, kilikuwa kimeshaibwa. Na hapo ndipo lilipotokea kosa ambalo naamini lisingetokea mahali pengine duniani.

Betri, au mapile kama tunavyosema sisi, zilikuwa adimu. Zikichoka tulizianika juu ya bati, jua lizipe nguvu kidogo, tukazirudisha kwenye redio. Betri ya kuanikwa huzungusha kaseti kwa uvivu, na kaseti ikienda kwa uvivu sauti zote hushuka. Mwalimu akaitia marimba yake sauti za kaseti iliyochoka. Kibao baada ya kibao, kwa uangalifu mkubwa, akajenga chombo kizuri kilichokuwa chini ya sauti za dunia nzima. Gitaa ikabidi ilegezwe ifuate marimba. Kwaya ikafuata gitaa. Mabesi wakafurahi, masoprano wakalalamika kwamba wamenyang'anywa kazi.

Tulikuja kujua siku mtu alipotuletea betri mpya kutoka Uvira. Tuliziweka, tukabonyeza, na yule mtu wa vibrafoni akatoka mbio, sauti nyembamba, kama anayefukuzwa. Mwalimu alisimama na ufito wa kupigia mkononi.

"Huyu si ye," akasema.

"Ni ye, Mwalimu. Ni mapile mupya."

"Huyu ni kijana yake. Mi namujua muntu yangu."

Akazitoa betri mpya, akampa mke wake aziweke kwenye tochi, akarudisha zile za bati. Kwa hiyo solo ile tulijifunza kwa mwendo wa uchovu, na mpaka leo nikisikia muziki wa namna ile ukienda kwa mwendo wake halali, najiona kama ninachokozwa.

Sasa, kujifunza kwenyewe. Tulikuwa watatu alasiri zile, nyuma ya kanisa, ndagala zangu, yaani dagaa, zikiwa zimeanikwa karibu ili niwafukuze kunguru. Mwalimu kwenye marimba, mimi wa kuimba, na mpiga gitaa. Huyu mpiga gitaa alikuwa mtu wa Bibokoboko, kule juu kwenye malisho, wa familia za ng'ombe. Mrefu, mpole, anaongea lugha ya kwao na wa kwao, na Kiswahili chetu akiwa nasi. Siku za soko aliteremka na maziwa na gitaa. Alishika wimbo kwa chini vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Ukikosea juu, yeye alikuwa palepale anakungoja.

Mwalimu hakuturuhusu kuimba mara moja. Kwanza tusikilize, midomo imefungwa.

"Mwalimu, tumesikia tangu juma lililopita," nilimwambia.

"Mulisikia tu. Hamukusikiliza."

Halafu tuliimba kipande kidogo, pumzi moja tu, tukirudia mpaka pumzi yetu iishie pale pumzi ya yule mtu ilipoishia. Halafu tukafanya jambo nililoliona la wazimu: kaseti inapiga, na sisi tunapiga makofi pale tu ambapo mtu yule amenyamaza. Mara ya kwanza makofi yetu yalikuwa fujo tupu. Baada ya majuma kadhaa nikaanza kuona kwamba kunyamaza kwake kulikuwa na mpango, kwamba alikuwa anaiachia piano iseme, kisha anaijibu. Chuma kinalia muda mrefu, na mbao inakufa haraka, kwa hiyo Mwalimu alitwambia tusijaribu kuziba mashimo. "Acha ikufe," alisema. "Ikikufa, batu banasikia ile inakuya," yaani watu wataisikia inayofuata.

Kitu alichokipenda zaidi kilikuwa namna yule mtu alivyoingia kwenye sauti. Wimbo kwa chini hubadilika, na kila ukibadilika kuna sauti moja ambayo ndiyo nyumbani. Mtu wa vibrafoni alikuwa haendi nyumbani moja kwa moja. Aligusa sauti ya pembeni kwanza, ile inayokwaruza kidogo, kisha ndipo akateleza ndani.

"Ona," Mwalimu akasema. "Anataka kuingia mu nyumba, lakini haingie tu vile. Anabisha kwanza kwa jirani. Hodi! Ndipo anaingia."

"Na kama jirani anakatala?" mpiga gitaa akauliza.

"Anabisha kwa jirani mwingine."

"Na bote bakikatala?"

"Basi uko mwizi," Mwalimu akasema, na tulicheka mpaka kunguru wakaondoka wenyewe.

Miaka ilipita hivyo, kati ya mkimbio na mkimbio. Solo nzima tuliijua. Mwalimu aliipiga bila kukosa hata kibao kimoja, na mke wake aliijua kuliko mimi. Alipokuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo, alikuwa anafika kwenye kona za wimbo kabla ya mumewe, na akimsikia amechelewa anapiga mchi kinuni kumharakisha. Ila kila nilipomuuliza Mwalimu lini atapiga ya kwake, alisema, "Bado." Kwanza tuelewe vizuri. Kwanza gitaa ikae sawa. Kwanza vita vipite. Ukitaka sababu ya kungoja, Baraka ya siku zile haikukunyima.

Halafu ikaja Pentekoste moja ya utulivu. Kwaya za Swima na za Fizi zilikuwa zimealikwa, kanisa limejaa mpaka nje. Mwalimu alikuwa amepanga wimbo mmoja uwe na nafasi katikati, mzunguko mmoja wa marimba peke yake, na mara hii alisema wazi mbele yetu wawili kwamba ni leo. Hakula asubuhi. Tuliimba, nafasi ikafika, kwaya ikanyamaza. Mpiga gitaa akaanza kuzunguka kwa chini, taratibu, akimtazama. Mwalimu akainua fito zake. Gitaa ikazunguka mara moja, ikarudi. Ndipo akapiga, na alichokipiga kilikuwa solo ya yule mtu wa kaseti, kibao kwa kibao, na hodi zake zote na kunyamaza kwake kote.

Watu walipiga makofi na vigelegele. Wageni wa Fizi walimpa mkono. Walijuaje wao? Mchungaji alisema Roho ameshuka. Watu watatu tu ndani ya kanisa lile tulijua kilichotokea, na wa nne alikuwa mke wake, aliyekuwa ameketi upande wa akina mama na uso umefungwa. Nilimhurumia Mwalimu mpaka nikakasirika. Nyumbani alikataa kula ubwali, ugali wetu, akaketi mlangoni na viatu vyake vya Jumapili miguuni. Mke wake akaja na sahani, akaiweka chini, akamwambia, "Baba, nguo ya kuazima haisitiri matako."

Nilidhani atamkemea. Alisema tu, "Najua, mama," akavua kiatu kimoja.

Tangu siku ile nilianza kuelewa shida yake, ingawa sikuweza kumwambia. Alikuwa amejifunza kupita kiasi. Kila alipotaka kusema lake, yule mtu alikuwa ameshatangulia, ameketi, ameenea mahali pote. Mimi niliyejifunza kwa uvivu, nikiangalia ndagala, nilikuwa na mianya. Yeye hakubaki na mwanya hata mmoja.

Vita vya pili vilipochachamaa, watu wa juu milimani na watu wa chini ziwani walianza kutazamana vibaya. Sina haja ya kueleza nani alianza. Kila mtu ana mahali pake pa kuanzia hesabu. Najua tu kwamba siku moja shemasi mmoja alisema kiti cha mpiga gitaa kitolewe kwenye kwaya. Mwalimu alikuwa anapanga mabenchi, hakuinua hata kichwa.

"We unajua kupiga gitaa?" akamuuliza.

"Hapana."

"Basi acha kiti."

Kiti kikabaki, lakini mtu wake hakuweza kubaki. Mara ya mwisho alikuja mchana, kwa njia ya mashambani, bila maziwa. Alikaa nasi kidogo, akazungusha ule wimbo kwa chini mara chache, Mwalimu hakupiga kitu. Kisha akasema, "Soko ikifunguka nitateremuka." Njia ikafungwa nyuma yake, na baadaye tukasikia kwamba vijiji vya kule navyo vimekimbia. Miaka yote iliyofuata, Mwalimu akikutana na mtu aliyetoka milimani, alimuuliza habari za mtu wa gitaa kabla ya kumuuliza habari za amani. Mmoja alisema yuko hai, amevuka mpaka. Mwingine alisema hajui. Mwalimu alichagua kumwamini wa kwanza.

Mimi nikachukua kazi ya kushika chini. Kwa kweli sikuitaka. Nilitaka na mimi siku moja kwenda juu, nikamwambia hivyo. Alinijibu kwamba nyumba haianzi na bati. Nilinuna, na nikashika chini.

Alikuwa mwoga, na hilo lazima niliseme maana watu wakifa tunawapaka mafuta. Uvumi ukianza sokoni, yeye alikuwa wa kwanza kufunga mzigo. Lakini kwenye kizuizi cha askari, bariere ya njia ya Swima, nilimwona akiwa mtulivu kuliko sisi wote. Askari aliona redio, akauliza ndani yake kuna nini. Mwalimu akaiwasha, na betri zilikuwa zimeanikwa tangu Jumapili, kwa hiyo vibrafoni ikatoka kama mtu anayeongea usingizini.

Askari akasikiliza, kichwa upande. "Huyu anaimba saa ngapi?"

"Haimbe, chef," akajibu, kwani kila askari tulimwita hivyo, mkubwa. "Anapiga tu."

"Na batu banacheza?"

"Hapana."

"Sasa ni muziki ya nini?"

"Ni ya kujifunza."

Askari akamwonea huruma. Akamrudishia redio na kaseti, akabaki na betri kwa ajili ya tochi yake. "Aksanti, chef," Mwalimu akasema kwa unyenyekevu mkubwa. Tulipokata kona akaanza kucheka peke yake, mabega yanamtikisika. "Ile itamulika tu mupaka kwa choo," akasema.

Baada ya hapo hatukucheka kwa muda mrefu. Tulikaa porini juu ya mji, mvua inatunyeshea, watoto wanaharisha. Tuliporudi tulikuta askari walikuwa wamelala kanisani na wamepika kwa vibao vya marimba. Mwalimu alichakura majivu kwa mguu. Nilingoja alie, maana mimi nilikuwa tayari nalia. Akasema, "Mbao ilikuwa mukavu muzuri. Maharagi iliiva." Kisha akaenda kutafuta maji. Mpaka leo sijui ni nguvu au ni kuishiwa nguvu.

Hatimaye tulivuka ziwa, kama wengi, tukaishi kambini Tanzania. Kule mashine ilitafuna kaseti, utepe ukatoka matumbo. Mwalimu hakuhangaika. "Iko yote hapa," akasema, na akajigusa koo. Nikawaza, ndiyo, na hiyo ndiyo balaa yenyewe. Aliwafundisha watu wa kambi tenzi za sauti nne, akawaita kwa sauti zao, akawakemea wasipambe. Jioni aliimba ile solo mbele ya hema, yote, polepole, mke wake akiosha vyombo na kumtangulia kwenye kona. Nilipomwomba ajaribu kidogo tu ya kwake, hata ya kipuuzi, hata ya kukosea, alisema bila marimba haiwezekani. Zamani, palipokuwa na marimba, alisema bila gitaa haiwezekani. Nilichoka naye. Nasema kweli, kuna kipindi nilichoka naye kabisa, nikaacha kwenda hemani kwake.

Amani iliporudi, ya nusunusu, tulirudi na sisi kwa nusunusu. Mume wangu alitangulia Misisi kwenye dhahabu, nikamfuata, nikauza ndagala na vitenge kwa wachimbaji. Mwalimu na mke wake walirudi Baraka. Nilisikia habari zake kwa watu wa pikipiki: amepewa kwaya ya watoto, ameacha kwaya ya watoto, haonekani kanisani, mikono imemkatalia. Hiyo ya mikono ndiyo iliyonipandisha pikipiki.

Nilimkuta alasiri, ameketi sebuleni kwenye kiti cha plastiki, shuka miguuni ingawa palikuwa na joto. Amekuwa mdogo. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye maungio na kujikunja vile alivyoogopa, na alivilaza magotini viganja juu, kama vitu vya mtu aliyetoka kidogo na kumwachia avitunze. Mke wake alinikumbatia, akanipa maji, kisha akaenda nyuma ya nyumba kupepeta unga wa mihogo, awahi kabla ya mvua.

"Mwalimu, habari?"

"Nimechoka, Mama Alto." Nikangoja ile nusu ya pili. Hakuisema.

Tuliongea kuhusu watu, nani yuko wapi, nani hayupo. Akaniuliza kama Misisi kuna watu wa milimani, kama nimesikia lolote la mtu wa gitaa. Sikuwa nimesikia. Akanionyesha mikono yake bila kunyanyua. "Hata kijiko, mama ananishikia. Ile kitu yangu imeisha," akasema. "Niliitafuta sana, kumbe haikukuwako."

Maneno ya kufariji ninayo mengi, nimeyatumia kwenye misiba kila mwezi, lakini yote yalikuwa machafu mdomoni. Basi nikafanya kazi niliyofundishwa. Nikaanza kuvuma kwa chini ule mzunguko wa gitaa, taratibu, kama ulivyokuwa nyuma ya kanisa. Alinitazama kwa hasira kidogo.

"We unafanya nini?"

Sikuacha. Mzunguko ukaisha, nikaurudia. Akageuza uso dirishani. Nikaurudia tena, na pumzi yangu mwenyewe si ya kijana, nikaona haya, nikasema moyoni, huu ukiisha nanyamaza.

Ndipo akaingia. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, ya mzee, na mwanzo wake ulikuwa ule wa siku zote, wa yule mtu. Nikasema, basi, ndiyo hivyo, atakufa nayo. Lakini kwenye sauti ya tatu hakupanda. Yule mtu hupanda pale. Tumepanda naye maelfu ya mara. Mwalimu alibaki. Akaishikilia ile sauti, kama mtu anayesahau alichotaka kusema, kisha akateremka, akapita mahali ambapo sikupajua, akanyamaza. Mimi nikaendelea kwa chini, naogopa hata kumeza mate. Akarudi na kitu kifupi, akakirudia vibaya, akakohoa katikati, akakosa, na akaendelea. Haikuwa nzuri kama ya kaseti. Kuna mahali ilijikwaa, kuna mahali ilifanana na wimbo wa Kibembe wa mazishi, na kuna mahali ilikuwa na mzaha, ule wake wa kuita watu sauti. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, kwa sababu mikono yangu nilikuwa nimeikaza magotini ili nisipoteze mzunguko.

Ilikuwa fupi. Mzunguko ulipofika mwisho alishuka nao, akakaa chini pamoja nami, akaacha. Kwa nyuma ungo uliokuwa unapeta ulikuwa umenyamaza.

"Baba!" mke wake akaita kutoka uani. "Kumefika mugeni mwingine? Ni nani ule anaimba?"

Mwalimu alivuta pumzi, akaipata, akageuza kichwa upande wa uani.

"Ni mi," akajibu.